Kinyozi Aliyenyoa Kitanda

Sogeeni, sogeeni. Mwenye miguu aikunje, mwenye masikio ayafungue. Leo kuna kitanda, na kitanda hiki kina maneno.

Huyu hapa ni Sekela. Ana miaka sita. Anakaa Tukuyu, kwenye mvua nyingi na chai nyingi.

Sekela analala kitanda kimoja na dada yake, Atupele. Mchana kutwa Atupele ni mpole. Akisinzia tu, miguu yake inaanza safari.

Pa! Teke la mgongo. Pa! Teke la tumbo. Asubuhi Sekela anaamka amebanwa ukutani, na shuka lote liko kwa dada.

"Baba," Sekela akasema siku moja, "nimechoka mateke. Nataka kitanda changu."

Baba yake ni fundi wa kuchomelea vyuma. Barazani kwake kuna mageti, kuna madirisha, kuna mabomba ya chuma, manene kwa membamba. "Haya, binti yangu," Baba akasema. "Nitakutengenezea."

Akakata mguu wa kwanza kwa mashine. Zaaa! Akakata wa pili. Zaaa! Akakata wa tatu. Zaaa! Alipofika wa nne, umeme ukakatika.

"Basi huu nitaukata kwa msumeno wa mkono," Baba akasema. Kwaru, kwaru, kwaru. Jasho likatoka, mkono ukachoka, mguu ukakatika.

Umeme ukarudi. Baba akachomelea miguu yote minne, akakipaka kitanda rangi ya buluu. Kitanda kikapendeza, jamani.

Rangi ilipokauka, Sekela akapanda, akakaa katikati. Kitanda kikaanza kusema.

*Kong-ko, kong-ko.*
*Mguu upi huo unaogoma kutulia?*

"Hapana," Baba akasema. "Kitanda kinachocheza hakivuki mlango huu. Wewe kitakuharibia usingizi, na mimi kitaniharibia jina."

"Utakirekebisha kesho, Baba?"

"Kesho asubuhi na mapema nakwenda Kyela kuweka madirisha. Nitarudi baada ya wiki moja."

Wiki moja nzima. Sekela akaanza kuhesabu mateke ya wiki moja, vidole vyote vikaisha. Machozi yakamlengalenga.

Baba akamwona. Akakunja kipande cha boksi, akakiweka chini ya mguu mmoja. Sekela akakaa.

*Kong-ko, kong-ko.*
*Mguu upi huo unaogoma kutulia?*

Baba akalihamishia boksi mguu mwingine. Kong-ko. Akalihamisha tena. Kong-ko.

"Sakafu hii ndiyo mbaya," Baba akasema. Mafundi ndivyo walivyo, wakikwama wanasingizia sakafu. Sakafu ya watu ikanyamaza tu.

Baba akakibeba kitanda mpaka uani. Lakini mvua ilikuwa imetoka kunyesha, na ua wote ulikuwa tope. Fyoko! Miguu minne ikazama.

"Hapa ndiyo kabisa," Baba akasema. Akakirudisha kitanda barazani, na miguu yake ya tope. Sekela akakaa tena. Hebu tuseme wote, kilisemaje?

*Kong-ko, kong-ko.*
*Mguu upi huo unaogoma kutulia?*

Baba akakisogeza kitanda pembeni. Akaona tope limechafua sakafu. Akachukua tambara.

"Baba, usifute!"

Sekela akapiga magoti. Pale uliposimama mguu wa kwanza, palikuwa na duara la tope. Uliposimama wa pili, duara. Wa tatu, duara.

Uliposimama wa nne hapakuwa na duara. Palikuwa na kipande kidogo chembamba, kama ukucha.

"Baba, njoo uone," Sekela akasema. "Miguu hii mitatu inakanyaga kwa unyayo wote. Huu mmoja unasimama kwa ncha ya kidole."

Baba akainama. Akatazama duara, akatazama ukucha, akatazama mguu. "Ni ule wa msumeno," akasema taratibu. "Nimeukata upande. Sakafu, nisamehe."

"Sasa unaukata tena, Baba?"

Baba akabonyeza swichi ya mashine yake. Kimya. Umeme ulikuwa umekatika tena. Akautazama msumeno wa mkono, akatikisa kichwa. "Huyu ndiye aliyetuponza."

Sekela akakaa kizingitini. Jua lilianza kushuka. Alijiona tayari amebanwa ukutani.

Mara, chaka-chaka, chaka-chaka. Mabuti hayo, yanakuja njiani. Ni Shangazi Lugano, dada yake Baba. Shangazi ni fundi wa mabomba kwenye kiwanda cha chai, na kila jioni akitoka kazini hupitia hapa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekunjika hivyo?"

Sekela hakueleza sana. Akamshika mkono, akamwonyesha madoa ya tope. Duara, duara, duara, ukucha.

Shangazi akacheka. "Ugonjwa huu naujua. Dawa yake ninayo mkobani."

Akafungua mkoba, akatoa mashine ndogo ya kushika mkononi. Ilikuwa na shingo nene, na usoni ilikuwa na visu vitatu vifupi, katikati yao chuma kimechomoza kama kidole.

"Kiwandani tunamwita Kinyozi," Shangazi akasema. "Bomba likikatwa upande, yeye analinyoa mdomo mpaka ukae sawa."

"Anataka umeme?" Sekela akauliza.

"Ana betri yake tumboni. Popote niendapo, naye yumo."

Wakakilaza kitanda chali, miguu juu. Shangazi akachora mstari kwa chaki. "Wewe, Sekela, nyuma ya mstari. Na miwani hii uvae." Miwani ilikuwa mikubwa, ikamfunika mpaka mashavuni.

Kinyozi akaingiza kidole chake ndani ya bomba, akashika imara. Visu vyake vikaanza kuzunguka.

*Zuuu-kriii! Zuuu-kriii!*
*Nyoa kidogo, kidogo tena, mdomo ukae sawa.*

Vipande vya chuma vikadondoka, vimejikunja kama nywele. Viling'aa vizuri. Mkono wa Sekela ukaanza kwenda mbele.

"Macho yaone, mikono itulie," Shangazi akasema. "Nywele hizo zinakata." Mkono ukarudi nyuma ya mstari.

*Zuuu-kriii! Zuuu-kriii!*
*Nyoa kidogo, kidogo tena, mdomo ukae sawa.*

Sekela akaimba. Baba naye akaimba, kwa sauti yake mbaya. Kisha Kinyozi akanyamaza.

Baba akaweka kipimo chake cha chuma juu ya mdomo wa bomba. Akachungulia huku, akachungulia huku. Hapakuwa na upenyo hata wa unywele. "Dada," akasema, "huyu kinyozi wako anajua kazi."

Wakataka kukisimamisha kitanda. "Ngojeni kwanza," Sekela akasema. Akakimbia uani, akarudi na tope kiganjani. Akaipaka miguu yote minne, mmoja mmoja.

Kitanda kikasimama. Kikasogezwa. Wote watatu wakainama kuangalia sakafu.

Duara. Duara. Duara. Na duara!

Sekela akapanda, akakaa. Kimya. Akajigeuza kulia, akajigeuza kushoto. Kimya. Akaruka-ruka mpaka Baba akamwambia inatosha. Kimya kabisa.

"Sasa kinavuka mlango," Baba akasema. Akaiosha miguu ya kitanda, akakiingiza ndani mwenyewe.

Usiku ule Sekela alijinyoosha. Mkono ukaenda ulikotaka, mguu ukaenda ulikotaka. Shuka lote lilikuwa lake, na alifurahi mno.

Kutoka kitanda cha pili, sauti ikaita. "Sekela."

"Abee, dada."

"Huku kuna baridi. Sikuzoea kulala peke yangu."

Sekela akafikiri. Akafikiri tena. Akasogea kidogo ukutani. "Haya, njoo. Lakini leo tu. Na hiyo miguu yako itazame mlangoni."

Atupele akaja mbiombio, akaingia ndani ya shuka. Punde si punde akasinzia.

Pa! Teke la mgongo.

Sekela akatega sikio, akasubiri ile kong-ko. Haikuja. Kitanda cha buluu kilisimama kwa nyayo zake zote nne. Sekela akacheka kimoyomoyo, akavuta shuka, akalala.

Na kitanda chako wewe, kinasemaje? Hebu jigeuze, tusikilize.

Kimya? Basi, fumba macho.