Mikono Upande wa Pili wa Mstari

Jua lilikuwa linazama nyuma ya maghorofa ya Xiaobei, mtaa wa Waafrika jijini Guangzhou, wakati Yustina alipotoka na hotipoti ya ugali na mlenda kumpelekea mumewe kazini. Mlenda wenyewe haukuwa wa mchezo. Mama mkwe aliukausha Hombolo, Dodoma, ukasafiri ndani ya begi la mfanyabiashara mwenzao, ukapita forodha ya Guangzhou kwa jina la majani ya chai. Mke akishafika hatua ya kumvuta mume arudi nyumbani kwa mlenda wa namna hiyo, ujue maji yamemfika shingoni.

Shedrack alikuwa amerudi kutoka Ufaransa, na hakuwa amerudi mzima.

Yustina alikuwa akinunua nguo za jumla soko la Shahe na kuzituma Dodoma. Shedrack alisoma China, akabaki, akaajiriwa na Bosi Deng, mwagizaji wa mvinyo. Mwaka ule Bosi Deng alinunua shamba dogo la mizabibu Ufaransa, pamoja na nyumba yake ya mawe na bibi kizee mmoja aliyezaliwa humo na asiyekubali kuhama. Septemba ilipofika akamtuma Shedrack kusimamia mavuno. Alitaka mtu wa kuongea naye Kichina na anayeijua zabibu, na Shedrack alizaliwa katikati ya mizabibu. Aliondoka anacheka.

Aliporudi hakula. Hakulala. Kila siku giza lilipokaribia alikwenda kwenye godauni la mvinyo kule Baiyun, akarudi mikono yake ikiwa ya zambarau mpaka kwenye viwiko. Rangi ile haikutoka kwa sabuni wala kwa limau.

"Shoga, huyo ana mwanamke," Chausiku wa Zanzibar, jirani yao, alimwambia.

Laiti ingekuwa hivyo! Mwanamke anafukuzika. Yustina alikuwa amemsikia mumewe akiongea peke yake gizani, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mwingine asije karibu, na tangu hapo na yeye usingizi ulimpaa.

Mlinzi wa godauni alimfahamu. Yustina alipouliza kama mumewe yumo, yule mzee alitikisa kichwa kukubali, kisha akainua vidole viwili.

"Liang ge ren," akasema. Watu wawili.

Ndani kulikuwa na baridi. Katoni za mvinyo zilipangwa juu ya rafu ndefu, mistari kwa mistari, na taa zilikuwa zinawaka upande mmoja tu. Chupa zilizofungwa hazitoi harufu, hilo kila mtu analijua. Lakini godauni lile lilinuka zabibu zilizopondwa. Lilinuka udongo uliolowa, na majani ya mzabibu asubuhi kabla umande haujakauka. Yustina aliijua harufu hiyo tangu utotoni.

Kisha akasikia.

Kacha...

Kacha...

Mkasi wa kukatia zabibu.

Akaifuata sauti mpaka mstari wa mwisho. Shedrack alikuwa ameinama mbele ya katoni, anakata hewa. Anakata, anasogea kidogo, anakata tena. Jasho lilimtoka katika baridi ile. Vidole vyake vilikuwa vimechanika na damu ilichanganyika na zambarau.

"Baba Goodness..."

"Shii!" Hakugeuka. "Usiongee kwa nguvu. Na usisimame karibu na mwanya."

Akakata. Kacha.

Upande wa pili wa katoni, mahali ambapo hapakuwa na mtu, kitu kikamjibu.

Kacha.

Hotipoti ilimponyoka Yustina, ikabingirika sakafuni. "Kuna nani huko?" akanong'ona.

"Mwenzangu."

Akamweleza huku anakata, maneno yakimtoka vipande vipande. Kwenye shamba lile watu huvuna wawiliwawili, mmoja upande huu wa mstari, mwingine upande ule. Uso wa mwenzako huuoni. Unaona mikono yake tu, katikati ya majani. Na kwenye mstari mkongwe kuliko yote, kichala cha mwisho hakikatwi.

"Bibi kizee alinikataza. Mkongo mmoja, Kabongo, akanitafsiria. Alisema kile ni cha wote waliovuna mstari ule kabla yetu wakafa. Wakiachiwa, wanajua mavuno yamekwisha na wao wanapumzika." Akakata, akasogea. "Nikacheka, mke wangu. Mtoto wa Hombolo niache kichala kimeiva juu ya mti? Marehemu baba si angefufuka anichape? Nikakikata. Yule bibi akafunika uso kwa aproni yake."

"Ukakifanya nini?"

Yustina alikumbuka kichala kilichofungwa ndani ya shati, zawadi aliyotolewa kwenye sanduku siku mumewe alipofika. Zabibu nyeusi, tamu ajabu. Alikuwa amezila zote wima jikoni, wala hakumbakizia mwenzake hata moja, na mwenzake alimtazama akitabasamu.

"Anayefuatwa ni aliyekula," Shedrack akasema, na sasa alikuwa analia waziwazi. "Usiku ule ule nilimwona mwenzangu huyu kwenye mlango wa chumba chetu. Nikachukua mkasi, nikamwambia, njoo huku tuvune. Nikikata na yeye anakata. Nikiacha atakuja kwako. Panda ndege, Mama Goodness. Nenda kwa mtoto Dodoma."

"Na wewe?"

"Mstari huu hauishi."

Tusimsingizie Yustina ushujaa. Alitaka kukimbia. Miguu yake ndiyo iliyokataa, na kabla hajaishawishi, mkasi ulimdondoka Shedrack. Vidole vyake vilikuwa havikunji tena.

Kimya.

Upande wa pili nako kimya.

Halafu kwenye mwanya kati ya katoni na katoni, ukatokea mkono.

Ulikuwa mkono wa kizee, mweupe, wa zambarau mpaka kwenye kiwiko, udongo umejaa kwenye kucha. Ulipapasa hewa kama mtu anayetafuta swichi gizani. Ukampita Shedrack. Ukaufikia upindo wa khanga ya Yustina, ukaushika.

Kilichomjia kichwani ni mama mkwe. Kule Hombolo, shambani kwao, hakuna mvunaji anayenawa mwenyewe. Jua likizama, mama mwenye shamba hupita na maji, anamwagia mmoja baada ya mwingine, anawaambia: ahsante kwa kazi, pumzika. Asiyenawishwa bado yuko kazini, hata kama amekaa chini. Yustina mwenyewe aliifanya kazi hiyo alipokuwa bibi harusi mpya, akilalamika kwamba kiuno kinamuuma.

Alikuwa na chupa ya maji kwenye mkoba. Akaifungua. Akamnawisha Shedrack kwanza. "Ahsante kwa kazi, mume wangu," akasema. Neno la pili, pumzika, hakulifikia kwa kilio, lakini zambarau ilishaanza kutiririka sakafuni.

Kisha akaumwagia maji ule mkono ulioshika khanga yake.

Ulikuwa wa baridi kama nyama iliyotolewa kwenye friji. Ukashtuka. Ukaiachia khanga. Mkono wa pili ukatokea, na yote miwili ikaanza kusuguana polepole, kiganja kwa kiganja, kama anavyonawa mtu aliyechoka sana.

"Ahsante kwa kazi," Yustina akanong'ona. "Pumzika."

Mikono ikarudi gizani. Nyuma ya katoni mtu akashusha pumzi ndefu... halafu basi.

Yustina alimshika mumewe wainuke. Ndipo alipoona mwanya uliofuata.

Mikono mingine.

Na uliofuata. Na wa juu yake. Mstari mzima, kuanzia chini mpaka rafu ya juu kabisa, mikono ya kila namna, ya wanaume na wanawake, imetokeza viganja juu. Inangoja. Na chupa ilikuwa tupu.

"Kesho," akasema, na hata leo hajui ni nani aliyemtuma kusema hivyo. "Nitakuja na maji mengine kesho."

Ikaondoka kwa adabu, jozi moja baada ya nyingine.

Basi Yustina akawa mtu wa ndoo. Kila jioni alitoka Shahe mapema, akaenda Baiyun, akanawisha. Bosi Deng aliamini anafanya usafi, akamsifu mbele ya watu. Hofu haikumwisha hata siku moja. Alinawisha huku amefumba macho, akisali. Lakini nyumbani Shedrack alilala. Alikula mlenda akaramba sahani. Alimpigia simu Goodness akacheka naye mpaka simu ikaisha chaji. Na kule godauni jozi zilianza kupungua. Mianya iliyobaki na mikono ilihesabika kwa jicho... Yustina akaanza kuulizia tiketi za ndege.

Jana ilibaki jozi moja.

Alifumbua macho kwa sababu haikuwa ya baridi.

Ilikuwa mikono myeusi, ya mtu wa makamo, vidole vimechanika na kuanza kupona. Yustina aliijua. Ilimvisha pete. Ilimpokea Goodness kutoka kwa mkunga. Angeweza kuitambua kati ya mikono ya dunia nzima, na Shedrack mwenyewe alikuwa nyumbani, mezani, akisubiri chai.

Akainawisha. Aliinawisha kwa upole wote aliokuwa nao, kidole kwa kidole, machozi yakidondoka ndani ya ndoo. "Ahsante kwa kazi," akasema.

Mikono ikangoja.

Neno lililobaki, pumzika, lilimfika mdomoni akaling'ata kwa meno: wote aliowaambia hivyo hawakurudi tena. Alirudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Mikono ilikuwa bado pale, viganja juu.

Xiaobei alifika akikimbia. Taa ya sebuleni ilikuwa inawaka. Shedrack alikaa palepale alipomwacha, chai imepoa mbele yake, maji yakichuruzika kutoka kwenye vidole vyake mpaka kwenye zulia.

Akamwinulia mkewe macho ya mtu aliyechoka.

"Mama Goodness," akanong'ona, "mbona hujaniambia nipumzike?"