Mtafsirie Baba

— Cate, funga mlango.

— Na wateja je?

— Funga, nitatapika hapa!

Cate akafunga mbio. Ilikuwa Jumanne mchana, Bondeni, Nakuru, kwa cyber ya Jepkorir, na Cate ndiye aliyekuwa akimsaidia na photocopy. Alimkuta rafiki yake amesimama mbele ya kompyuta namba tatu, mkono mdomoni.

Kila mwenye cyber anajua huu ugonjwa wa wateja: mtu anafungua WhatsApp kwa kompyuta, anaprint vitu vyake, anaenda bila kuifunga. Jepkorir huwafungia kila siku bila kusoma hata neno. Lakini hii ilikuwa ya Lewis. Lewis wake, mwalimu wa Kiingereza katika shule moja ya Free Area, aliyekuwa ametoka tu hapo kuprint mtihani. Jumamosi hiyo alikuwa apeleke wazee wake Rongai, kwa kina Jepkorir, kumposa.

Na meseji zilikuwa zinaingia pale pale. Mwanamke anaitwa Abby, yule Lewis aliapa waliachana kitambo.

"Kwani unaoa huyo kweli?"

"Naoa. Ni plain lakini."

"Plain aje?"

"Plain, bland, ordinary. Forgettable kabisa. Ukimwona asubuhi, jioni umesahau sura."

"Haki wewe! Sasa ni wa nini?"

"Mathe anahitaji mtu wa kumgeuza kitandani. Huyu hasumbui. Na nani atamwiba? Mimi na wewe tunaendelea tu."

Ptuh! Mwanaume mzima, amesomeshwa mpaka chuo, na Kiingereza chote alichopewa akaona kazi yake ni hiyo. Tangu huyo mathe, mama yake Lewis, apigwe na stroke, Jepkorir alikuwa anaenda kila Jumapili kumwogesha, kumkata kucha, kumlisha uji kwa kijiko. Hakutumwa na mtu. Alimpenda yule mama. Alimpenda na mwanawe pia, na hilo ndilo lilimchefua zaidi.

— Mpigie sasa hivi, Cate alisema. Mwambie asikanyage kwenu.

— Asipokanyaga, atasema yeye ndiye ameniacha. Na vile anajua kupanga maneno, wataamini. Baba atabaki akiulizwa sokoni binti yake ana kasoro gani.

— Kwa hivyo utaolewa na hiyo takataka?

— Nimesema hivyo, Cate?

Akapiga picha zile meseji kwa simu yake, akafunga WhatsApp ya watu, akaenda nyuma kunawa mikono. Alinawa mara mbili kwa sabuni. Bado aliona kama ameshika kitu kimeoza.

Jioni simu ikalia.

— Sweetie, umekula?

— Nimekula.

— Mbona sauti iko chini?

— Nimechoka tu.

— Pole mpenzi. Sasa tukitoka kwenu Jumamosi, Jumapili usisahau mathe. Amekuwa akikuuliza.

Jepkorir alikata simu bila kwaheri. Ule utamu wa sauti ya Lewis ulimkaa kooni kama mafuta ya mbuzi yaliyoganda.

Jumamosi wageni walifika Rongai saa tano. Lewis ndani ya suti ya bluu, mjomba wake mzee Mathenge na kofia yake, na shangazi wawili. Mama Jepkorir alikuwa amechinjiwa mbuzi na mursik, maziwa ya kibuyu, iko tayari. Baba yake, mzee Kimutai, aliwakaribisha kwa Kiswahili ili wote wasikie, maana wageni walikuwa Wakikuyu.

Sasa, kwao Jepkorir, kabla ng'ombe wa mahari hawajatajwa, msichana anaitwa mbele ya wazee na kuulizwa. Kwa kawaida anainamisha kichwa, anasema ndiyo, anarudi jikoni. Jepkorir aliingia kichwa juu.

— Binti yangu, unawajua hawa watu?

— Nawajua, baba. Lakini kabla hujaniuliza lingine, naomba huyu kijana aseme yeye ananijua vipi.

Wazee wakacheka, wakaona ni mzaha mzuri. Lewis akasimama, akafunga kifungo cha koti.

— Jepkorir ni wa kipekee. Nakuru nzima sijaona kama yeye.

— Hiyo ni ya leo. Ile ya Jumanne?

— Jumanne gani, sweetie?

Alitoa simu.

— "Plain, bland, ordinary. Forgettable kabisa." Ulimwandikia Abby hivyo. Baba yangu hakusoma Kiingereza, na wewe ni mwalimu. Mtafsirie.

Shati ya Lewis ililowa kwapani hapo hapo.

— Si tuongee nje kidogo...

— Mtafsirie baba.

— Mzee, ilikuwa tu utani wa vijana.

— Anza na plain, mzee Kimutai alisema polepole.

— Plain ni... ni kitu hakina mapambo, mzee.

— Hiyo ingine?

— Bland ni kama chakula... hakina chumvi.

— Ordinary?

— Kitu cha kawaida. Viko vingi.

Akaanza kukaa chini. Mjomba wake akagonga meza.

— Malizia, wewe! Ya mwisho maana yake nini?

— Kitu ukishaona... unasahau.

— Na anasemwa nani? mzee Kimutai aliuliza.

— Ni mimi, baba, Jepkorir akasema. Hii ingine haihitaji mwalimu.

Akasoma yaliyobaki. Mathe wa kugeuzwa kitandani. Nani atamwiba. Mimi na wewe tunaendelea. Shangazi mmoja alijifunika uso na leso. Mama Jepkorir alitokea mlangoni, mwiko mkononi.

— Mtoto wangu amemwosha mama yako uchafu! Ameondoka hapa na maziwa ya kumpelekea! Na wewe unamcheka na malaya wako? Shenzi!

Mzee Kimutai alimwinulia mkono, mama akashusha mwiko. Kisha mzee akamuuliza binti yake lile swali ambalo kila msichana wa pale huulizwa.

— Tuendelee na hawa watu, au tusiendelee?

— Tusiendelee, baba.

— Basi imeisha.

Mzee Mathenge alivua kofia.

— Mzee mwenzangu, nisamehe. Sikujua nimekuletea nini. Tungebaki tule, lakini kwa hii aibu chakula hakitashuka.

Wakatoka mmoja mmoja, hakuna aliyemngoja Lewis. Kwa geti alimgeukia Jepkorir, sura imevimba.

— Unaringia nini? Ngoja uone kama kuna mwingine atakuja kugonga hapa.

— Asije.

— Utanikumbuka!

— Lewis, nikifikiria ulikuwa unanishika na hiyo mikono naona kinyaa. Enda.

Akafunga geti. Akaenda moja kwa moja jikoni. Mama yake alikuwa anangoja, macho mekundu.

— Unalia, Jep?

— Silii. Niko na njaa, mama. Tangu Jumanne hakuna kitu imekaa tumboni.

Mama akafunua sufuria, akamkatia mbavu mbili kubwa, zile zilizowekewa bwana harusi.