Habari Inayokwenda kwa Miguu

“Wee tata, zimisha ile kintu! Batu hawasikie hata bei yangu!”

Wivine alikuwa amesimama juu ya kigoda katikati ya soko la Kolwezi, vitenge vitatu begani, akimkemea kijana mwenye kipaza sauti. Kijana alivaa kofia ngumu ya kampuni ya mgodi na shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka kama bati. Akashusha kipaza sauti, akacheka.

“Pardon, mama. Mi ni Mechack. Kazi yangu ni kupatanisha kampuni na batu.”

“Kupatanisha na makelele?”

“Basi nifundishe kusema polepole.”

“Nunua kwanza kitenge.”

Alinunua viwili. Kesho yake akarudi kuchukua cha tatu, naye hana mke wala dada. Mwezi haujaisha, simu ya Wivine ilikuwa ikilia tangu asubuhi.

“Cheri wangu, umekula?”

“Nimekula. Na weye leo umeongea na batu, ao umebapigia makelele?”

Wivine alicheka mpaka wateja wakadhani amepunguza bei.

Kisha ikaja Jumatatu ile. Kule Kapata, mtaa wa Wivine, ukutani mwa duka la dawa, palibandikwa karatasi ya rangi ya buluu: orodha ya makaburi yatakayohamishwa ili mgodi upanuliwe. Namba arobaini na moja, ya mwisho, ilikuwa Numbi Benoît, baba yake. Chini kulikuwa na sahihi ya Mechack.

Kwao Wivine, habari ya marehemu haibandikwi. Inabebwa na watu wawili, kwa miguu, viatu mkononi. Wanakaa chini, na hawafungui kinywa mpaka wapewe maji. Wasipopewa, wanaondoka na neno lao. Mama Odile, mamake Wivine, aliisoma karatasi akiwa na kikapu cha mboga kichwani. Akakaa palepale barabarani.

Wivine akapiga simu.

“Mechack, tata yangu ni namba?”

“Cheri, sikujua ni yeye! Tulibandika kila mahali ili kila mutu ajue.”

“Kila mutu amejua. Mama yangu njo wa mwisho kujua. Usinipigie tena.”

Alipigiwa mara kumi na tisa. Akaifunga simu ndani ya kitenge, lakini kila ilipotetemeka, mkono ulirudi kwenye fundo. Mama Odile akaapa kwamba mumewe hataguswa, hata walete mashine zao zote.

Jumamosi asubuhi Wivine alikuwa akifagia uwanja alipowaona watu wawili wakishuka kati ya safu za nyumba. Ni Mechack, bila kofia, viatu mkononi, miguu myekundu kwa vumbi, na shangazi yake Blandine. Ufagio ukamponyoka. Wakakaa chini, kimya.

Mama Odile hakuwatazama.

“Wivine, kama unataka, leta maji. Kama hautaki, baende.”

Wivine aliitazama ile miguu. Vidole vilikuwa vimechubuka. Akaingia ndani, akatoka na kikombe.

Mechack akanywa, akainamisha kichwa.

“Mama, nabeba habari ya Tata Benoît Numbi, mwenye kuendesha treni ya shaba miaka makumi mbili na sita. Nilimuita namba. Nilikosa. Makaratasi yote nimebandua. Nyumba zile zingine makumi ine nimeenda zote kwa miguu. Hii yenu niliiogopa, nikaiacha mwisho. Kampuni inaomba mahali pake. Mukikubali, mutachagua siku na mahali papya. Mukikataa, nitabeba neno lenu vile vile.”

Mama Odile akachukua kikombe, akanywa maji yaliyobaki.

“Tutaenda kuona hapo mahali. Jibu nitakuletea mi mwenyewe, kwa miguu.”

Mechack akainuka. Shangazi Blandine hakuinuka.

“Mama Odile, iko habari ya pili, na hii si ya marehemu. Kijana hana ruhusa ya kujiombea mwenyewe, njo maana mi nimekuja. Lakini kikombe sasa ni kitupu.”

Wivine alikuwa ameshakinyakua.

“Mungoje!” alipiga kelele akikimbilia mtungi. “Maji yanakuya!”