Gauni la Kijani, la Njano na la Buluu

Mama Fundi alikwishafunga mlango. Begi lilikuwa begani na tiketi mkononi. Mume wake alimfuata nyuma, amebeba mfuko wa chakula, analalamika.

“Basi linaondoka saa nne. Sasa hivi ni saa mbili. Unakimbilia wapi?”

“Kwa mwanangu.”

“Na sare za wanafunzi nani atazishona? Mimi?”

“Wewe hata kifungo kinakushinda. Twende.”

Getini wakakutana na jirani yao, Mkasi. Dada huyu alifanya kazi miaka saba katika kituo cha televisheni. Alikuwa akikata picha na kuziunganisha kwa kompyuta. Ndiyo maana mtaa mzima ukamwita Mkasi.

“Shikamoo Mama Fundi. Safari ya wapi asubuhi yote hii?”

“Marahaba. Nakwenda kwenye kituo cha televisheni. Nimemwona Kitinda.”

Kitinda ni binti yao wa mwisho. Alitaka kuigiza, mama yake akataka ashone. Siku moja walijibizana dukani mbele ya wateja. Mama Fundi akamwambia, “Ukitoka hapa, usirudi.” Binti akatoka. Huu ulikuwa mwaka wa tatu, hapigi simu, haandiki. Namba yake ya zamani haipatikani.

Halafu, mwezi wa kwanza mwaka huu, Mama Fundi alikuwa akipinda suruali na televisheni ya dukani imewashwa. Taarifa ya habari ilikuwa karibu kuanza. Mara msichana akafungua dirisha, akatoa kichwa nje, akacheka. Sauti ikasema, “Tupo nawe.” Jina la kituo likatokea. Basi, kwisha. Sekunde tano tu.

Mama Fundi akajidunga sindano kidoleni, asisikie maumivu. Alikuwa Kitinda.

Tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kubadilisha chaneli. Rimoti ilikaa mfukoni mwa aproni. Wateja walitaka mpira, hawakupata. Kila mara msichana alipofungua dirisha, Mama Fundi aliinua uso na kusema, “Umeamka salama, mwanangu?” Mume wake alijifanya hasikii. Lakini saa za habari zikikaribia, na yeye alikuwa akivuta kiti karibu.

“Yuko pale kituoni,” Mama Fundi alimwambia Mkasi. “Kila siku anatokea.”

Mkasi alishusha kikapu chake. “Mama Fundi, kile kipande kilirekodiwa mara moja tu. Kompyuta ndiyo inakirudia, mara thelathini kwa siku. Ni kama kibao cha duka lako. Kinasema: hapa ni kwetu, karibu.”

“Usinifanye mtoto, mdogo wangu. Mwezi wa kwanza alivaa gauni la kijani. Mwezi wa nne la njano. Sasa amevaa la buluu. Kibao gani kinabadilisha nguo?”

“Kompyuta inabadilisha rangi. Kazi hiyo nimeifanya mwenyewe.”

“Rangi ya nguo aliyovaa mtu?”

“Hata rangi ya dirisha.”

Mama Fundi akatikisa kichwa na kushika njia. Mkasi akamshika mkono.

“Subiri kidogo. Vipande vyote vitatu viko kwenye ukurasa wao wa mtandao.” Akatoa simu. “Usitazame uso. Tazama nguo, kama mteja amekuletea urekebishe.”

Mama Fundi akavaa miwani. Mkasi akasimamisha picha ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu. Mume akachungulia juu ya bega la mkewe.

Fundi alitazama mikono ya gauni. Akatazama shingo. Kwenye mkono wa kushoto pindo lilikuwa limefumuka, na uzi mmoja unaning’inia. Katika gauni la njano, uzi ule ule. Katika gauni la buluu, uzi ule ule, umejikunja vile vile.

“Ni gauni moja,” alisema polepole. “Na hakuna aliyemshonea huo mkono.”

Akakaa juu ya begi lake.

“Kwa hiyo miezi yote hii nilikuwa naongea na kioo?”

“Hukukosea kuvutwa,” Mkasi alisema. “Kimetengenezwa kikuvute. Mkubwa wetu alikuwa akituambia: nitafutieni kicheko ambacho mtu atakikumbuka hata akiwa jikoni. Ukikiona mara nyingi unakizoea, unakiona kama cha nyumbani. Ukishika rimoti, mkono wenyewe unarudi kwao. Watazamaji wakiwa wengi, matangazo ya biashara yanakuja kwao. Siyo dhambi. Lakini ujue kwamba lile nalo ni tangazo. Wanajitangaza wenyewe.”

“Kwa kicheko cha mwanangu!”

“Ndiyo. Sasa tufanye hivi. Waliotengeneza kile kipande walimpa karatasi ya ruhusa asaini, na namba yake wanayo. Ukienda pale mlangoni watakurudisha. Tupige simu, tuulize nani alikirekodi. Usiwaombe namba yake, hawatakupa, na ni haki yake. Waombe wampelekee yako. Atakayeamua ni yeye.”

“Na asipopiga?”

Mume akachukua begi, akarudi kufungua mlango wa nyumba.

Walipiga simu asubuhi ile ile, wakaacha namba ya duka. Siku ya kumi na moja simu ya dukani ikalia.

“Mama?”

Mama Fundi alizima cherehani. “Umeamka salama, mwanangu?”

“Nimeamka salama. Bado wananionyesha? Ilikuwa siku moja tu, mwaka jana.”

“Ulikuwa unacheka nini pale dirishani?”

“Waliniambia nicheke kama namwona mtu niliyemsubiri sana. Tulirudia mara ishirini na mbili.”

“Ulikuwa unamsubiri nani?”

“Ah, mama, na wewe! Maswali gani hayo?”

“Lile neno langu la siku ile,” Mama Fundi alisema, “mimi nimelifuta.”

Upande wa pili mtu akavuta makamasi.

Kitinda hakurudi kuishi nyumbani. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, mji wa mbali, na anaigiza akipata nafasi. Hupiga simu kila Jumapili. Mwaka uliofuata alikuja siku nne, akaondoka. Kituo kilibadilisha kipande chake. Siku hizi anayecheka ni mzee mmoja mwenye mwavuli. Kwa kusubiri ile simu, sare zilichelewa wiki mbili na shule ikahamia kwa fundi mwingine. Mkasi anafundisha darasa la watu wazima, na somo la matangazo hulianza kwa picha tatu za gauni moja. Baba anatazama mpira. Mama Fundi anashona.