Sarafu Haioshwi

Siku Limbu alipoondoka Tarime ilikuwa Jumatatu, na mvua ya alfajiri ilikuwa imelowesha maturubai yote ya soko la mitumba. Alivaa koti lake la kahawia lenye vifungo vya ngozi. Katika mfuko wa kifuani alitia bahasha ndogo ya kaki, na ndani ya bahasha ilikuwamo sarafu ya mpenzi wake Leonida, aliyoachiwa na marehemu bibi yake.

"Siku tatu tu, mayu," alimwambia Leonida, akimwita mama kama wanavyoitana kwao Usukumani. "Napeleka mboga Ikoma. Pale loji kuna mgeni anazijua sarafu za kale. Akishaitazama, nairudisha."

"Usipoirudisha, mura, na wewe usirudi," Leonida akajibu, naye akimwita kijana kwa Kikurya.

Limbu akacheka. Leonida naye akacheka, akamfunga kifungo cha juu kwa mkono wake mwenyewe.

Walikuwa wamejuana miezi minane, na koti lile ndilo lililowakutanisha. Ilikuwa siku ya soko, watu wanasukumana, redio tatu zinapigana kelele. Limbu alilijaribu koti kwenye meza ya mitumba ya Leonida, akalilipia, akatia mkono mfukoni, akatoka na sarafu ya kigeni.

"Hiyo ni yangu," Leonida akasema kabla hata ya kuiona vizuri.

"Yako kivipi? Si nimelipa?"

"Umelipia koti. Kilichomo mfukoni hujakilipia."

"Kumbe hapa kwenu mifuko inauzwa peke yake?"

"Hapa kwetu hata uzi tunauhesabu. Lete, Msukuma."

"Umejuaje kama ni Msukuma?"

"Unavyoongea polepole. Mkurya angekuwa ameshaondoka nayo."

Limbu hakuondoka. Aliishika sarafu ile kwa kingo zake, kama mtu anayeshika yai la moto, akamwonyesha uso wake. Alikuja Nyamongo kufuata dhahabu, dhahabu ikamkataa. Siku moja, katika udongo uliotupwa, akaokota senti ya kikoloni yenye tundu katikati. Tangu hapo alikusanya sarafu za zamani, huku akiendesha gari la mboga ili aishi. Mchana ule alimwachia Leonida ile ya koti iwe sarafu yake ya kwanza, naye akaacha namba yake ya simu.

Akamfundisha. Shika kwa kingo, maana kidole kina mafuta. Kila sarafu ikae peke yake kwenye bahasha ya karatasi. Andika imetoka wapi na kwa nani, maana sarafu isiyo na habari ni bati tu. Jumapili moja alimkuta amechanganya majivu na ndimu kwenye bakuli ili aisugue ile ya kwanza. Alimpokonya bakuli akalimwaga nje.

"Sarafu haioshwi, Leonida. Ule weusi ni umri wake. Utamnyoa mzee ndevu ili aonekane kijana?"

"Basi samahani, mwalimu. Nipige fimbo."

"Fimbo yako ni chai. Chemsha."

Nyangi, bibi yake Leonida, alifariki kijijini Nyanungu mvua za vuli zilipoanza. Shingoni alikutwa na sarafu aliyoivaa tangu utotoni. Ilikuwa ya shaba ya njano, ya mwaka 1916, yenye taji na herufi T, iliyotengenezwa Tabora wakati Wajerumani walipoishiwa fedha vitani. Baba yake alikuwa mpagazi katika vita ile. Alirudi nayo, akaitoboa kwa msumari, tundu likaenda upande, akamfunga binti yake. Jasho na mafuta ya ngozi viliifanya nyeusi kama mbegu ya mkwaju.

Baada ya matanga Leonida alipewa sarafu hiyo. Aliandika kwenye kipande cha karatasi, kwa wino wa buluu: *Ya Nyangi wa Nyanungu. Baba yake aliileta kutoka vitani. Tundu alilitoboa yeye.* Akakikunja, akakitia kwenye bahasha pamoja nayo.

Siku tatu za safari ya Ikoma zikapita, na simu ya Limbu haipatikani. Jumapili akapiga.

"Leonida, sijui nianzie wapi."

"Anzia popote."

"Gari lilikwama kwenye tope, Mbalibali. Nikavua koti nisukume. Nilipolivaa tena, bahasha haimo. Nimepekua tope kwa mikono siku mbili, mayu. Siku mbili." Sauti yake ikakatika, akasikika analia.

Leonida alikaa chini kati ya marundo ya nguo. Alitaka kusema maneno mengi. Lililotoka ni moja.

"Umekula?"

Akamsamehe. Limbu akapata kazi palepale loji, akawa anakuja Tarime kwa nadra, lakini kila jioni alipiga simu. Mwezi wa tano akasema wajomba zake watakuja mwezi wa saba kuongea habari ya ng'ombe wa mahari. Leonida akaanza kushona gauni.

Aliyefumua yote hayo ni Imelda, fundi cherehani aliyekaa meza ya jirani. Alikwenda Ikoma kupima mapazia ya loji. Mchana akatuma picha, na chini yake maneno machache: "Shoga, huu si mwandiko wako?"

Ilikuwa picha ya kabati la kioo lililo karibu na mapokezi. Ndani yake, chini ya taa, sarafu inang'aa, tundu limekwenda upande. Kando yake kipande cha karatasi, wino wa buluu. Neno *Nyangi* limekatwa kwa mstari, juu yake pameandikwa *bibi yangu Kabula*. *Nyanungu* nayo imekatwa, pameandikwa *Shinyanga*.

Kesho yake Leonida alivaa gauni jeusi la msiba, akapanda gari hadi Mugumu, na kutoka hapo pikipiki hadi Ikoma. Alimkuta Limbu amevaa shati jeupe lililonyooshwa, amesimama mbele ya wageni wanne, mwongozaji wao akitafsiri.

"Bibi yangu hakuivua hata siku moja," Limbu alikuwa akisema. "Hata akilima, ilikuwa shingoni."

Leonida alisubiri nyuma mpaka wageni wakamaliza kupiga picha.

"Hujawaambia kwamba akikasirika alikuwa anaing'ata," akasema.

Limbu aligeuka, uso ukampauka.

"Hukuiangusha Mbalibali."

"Hapana."

"Na tope hukupekua."

"Hapana." Akapangusa mikono kwenye suruali. "Walitaka mtu wa kusimulia vitu vya kale. Zangu zote zilikuwa bati, Leonida. Yako ndiyo ilikuwa na habari. Na wageni wanataka kusikia mtu akisema bibi yangu. Ningetoa wapi ng'ombe wa kwenu kwa gari la mboga?"

"Ungeniomba."

"Ungekataa."

"Labda. Lakini ungekuwa umeniomba."

Limbu akafungua kabati, akaitoa sarafu kwa kingo zake, akaiweka katika kiganja cha Leonida. Ilikuwa ya njano tupu, kama bomba jipya la dukani. Leonida aliisogeza puani.

"Umeiosha."

"Taji lilikuwa halionekani. Meneja alisema ing'ae kidogo."

"Uliiosha kwa kitu gani?"

Limbu akageukia kabati, akapangusa kioo.

"Kwa majivu na ndimu," Leonida akasema mwenyewe. "Wewe uliyemwaga bakuli langu. Ule weusi ulikuwa ni bibi mwenyewe, Limbu. Ndicho kilichobaki chake juu ya dunia hii, na wewe ulikijua kuliko mimi, maana ndiwe uliyenifundisha."

Machozi yakamtoka Limbu. Safari hii Leonida aliyaona kwa macho, yalikuwa ya kweli. Hakumuuliza kama amekula.

"Wajomba wameshajiandaa," Limbu akasema kwa sauti ndogo.

"Wapigie waambie wasije."

Leonida aliondoka na sarafu, akachukua na karatasi yake pia.

Sarafu nyingine zote anazihifadhi kwenye bahasha, kila moja na habari yake. Ile ya bibi anaivaa kwa uzi mweusi, sokoni na nyumbani, na pembeni mwa tundu imeanza kuwa nyeusi tena. Belo mpya ya mitumba hufika Alhamisi. Leonida hukagua mifuko yote kwanza, ndipo anatundika makoti.