Bihogo Aitika

Hebu fumba macho, uone uwanja wa nyumba ya wazee kule Rugu, Jumapili baada ya misa. Wazee wamekaa kwenye mabenchi na vikombe vya chai. Nje ya kamba iliyozungushiwa uwanja amesimama ng'ombe mwekundu, pembe ndefu, anacheua.

Sista Joanitha, msimamizi, alikuwa na masharti yake. Mnyama awe amechanjwa. Asiingie vyumbani. Mzee akimshika, anawe mikono. Na aliyemleta, aondoke naye.

Projest alimleta ng'ombe huyo kwa ajili ya mjomba wake, mzee Rwegasira, ambaye macho yalikuwa yamezima. Kabla hajafa, mzee alitaka amshike tena Bihogo, ng'ombe aliyemwachia Projest amtunze. Lakini Bihogo alichinjwa kwenye harusi ya Projest. Huyu aliazimwa kwa jirani.

"Shikamoo, mjomba. Bihogo wako huyu hapa."

"Marahaba. Mwite basi." Kwa wafugaji wa huko, ng'ombe huitwa kwa jina, naye huitika.

"Bihogo!"

Ng'ombe akaendelea kucheua.

Mzee akacheka kidogo. "Ngoma za harusi yako zimemtia uziwi? Mwite tena."

Projest akapaza sauti. "Bihogo!"

Akaitika.

Sauti ilitoka ndani, vyumbani kwa wazee.

Ng'ombe wa jirani akaanza kutetemeka. Kwato zikagonga saruji, polepole, zikija. Projest hakugeuka. Pumzi ya moto ikamgusa kisogoni. Ilinuka damu.

Mzee akanyoosha mkono juu ya bega la mpwa wake, akapapasa hewa, taratibu, kama anayefuata urefu wa pembe.

"Ndiye," akanong'ona. "Karibu, mama. Aliyekula nyama yako huyu hapa."

Sista Joanitha akaja na beseni la kunawia. Akasimama ghafla.

"Projest, umeleta ng'ombe wangapi?"

"Mmoja, Sista."

Sista akatazama nyuma yake, akafanya ishara ya msalaba.

"Ondoka nao wote wawili."

Mchana ule watu walimwona Projest akishika njia ya Igurwa, shingo imekakamaa, haitiki salamu. Ng'ombe wa jirani alirudi peke yake, akiburuza kamba. Projest hajarudi.

Mzee alikufa akitabasamu. Kwenye saruji, kuanzia kitandani pake mpaka mlangoni, kuna alama za kwato. Sista huzideki. Sakafu ikikauka, zinarudi.

Nawe unayesikiliza, nakuomba ukumbuke jambo moja tu: usimwite kwa jina uliyekwisha kumla.