Mkwe Aliyekimbiwa

"Eufra, pokea simu basi. Mtoto wa watu atazimia huko aliko."

"Azimie."

Anitha akaguna. Mwenzake alikuwa amelikalia sanduku ili lifunge, machozi yanamtoka na mdomo kaukaza. Nje ya dirisha la bweni Ziwa Nyasa lilikuwa limetulia, na ng'ambo ya uwanja Milima ya Livingstone ilishuka mpaka majini kana kwamba nayo ilitaka kuoga. Chuo chao cha ualimu, karibu na Matema wilayani Kyela, kilikuwa na uzuri wa kumkosesha mtu adabu: mwalimu anafundisha mbele, darasa zima linatazama mitumbwi. Eufrasia alipopangiwa huko kutoka Bukoba alilia wiki nzima kwamba ametupwa mwisho wa nchi. Sasa mitihani imekwisha, anaondoka kesho kwa basi la alfajiri, na analia tena. Safari hii analilia kuondoka, ila hataki kusema.

Ujumbe ukaingia. Anitha akausoma kwa sauti, maana hana haya:

"Eufra mpenzi, nimekukosea nini? Jumapili tumerudi kutoka nyumbani kwa furaha, leo unaniandikia usinitafute tena. Niambie tu kosa langu. Eliya."

"Kwa furaha!" Eufrasia akang'aka. "Njia nzima alikuwa anapiga mluzi, na mimi nimetoka kudhalilishwa kwao!"

"Umedhalilishwa? Mbona hukuniambia? Shuka kwenye sanduku tuongee."

Ndipo akayatoa yote. Eliya, mwanafunzi mwenzao, alimpeleka kwao Ipinda kumtambulisha. Kwa kuwa kwao Bukoba mzee hasalimiwi mikono mitupu, Eufrasia alibeba kahawa ya kutafuna iliyotumwa na mama yake, akaifunga kwenye jani la mgomba. Mzee Gwamaka, baba yake Eliya, alikuwa uani akigeuza kakao kwenye mikeka. Binti akamwendea, akapiga magoti, akanyoosha mikono yote miwili.

"Akanipa mgongo, Anitha! Nikadhani hajaniona. Nikazunguka upande wa pili, nikapiga magoti tena. Mzee akatupa reki, akakimbilia kwenye mikakao!"

"Akakimbia? Mzee mzima?"

"Nikamfuata."

"Eufra!"

"Si nilitaka kumsalimia! Mama yake Eliya akatoka jikoni anapiga kelele, 'Mwache, mwanangu, usimfuate!' Halafu akacheka mpaka akashika ukuta. Kahawa yote ikamwagika. Mpaka tunaondoka sikumwona tena huyo mzee."

Anitha, naye mtoto wa Bukoba, akashika kidevu. "Ndugu yangu, mzee akikukwepa hivyo, hakutaki."

"Ndiyo nasema. Mjomba Evodius kaniwekea nafasi kwenye shule yake. Naenda zangu."

Usilolijua ni usiku wa giza, na hao walikuwa wawili gizani wakishauriana njia.

Simu ikaita tena. Eufrasia akaikwapua.

"Eliya, sikia. Nakupenda, siwezi kukudanganya. Lakini siolewi kwenye nyumba ambayo baba mkwe ananikimbia kama nyuki."

Kisha, jamani, Eliya akacheka. Alicheka kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani, lakini mwenye kidonda haulizi umecheka kwa nini. Eufrasia akaizima simu na kuitupa kitandani.

Alasiri alishuka ufukweni kuliaga ziwa. Mawingu yalikuwa yameanza kuvuka milima. Alivua viatu, akasimama majini, akawaza jinsi atakavyoamka asubuhi mahali pasipo na sauti ya mawimbi wala ya Eliya. Moyo ulimuuma sana.

"Ugonile, mwanangu."

Akageuka. Alikuwa mama yake Eliya, ndiyo kwanza ameshuka kwenye bajaji, khanga imemlegea kwa haraka. Nyuma yake, mbali kidogo, Eliya alisimama ameshika kofia. Eufrasia akapiga magoti kwenye mchanga bila kufikiri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, inuka. Tumekuja kukuomba radhi. Niko na mzee."

"Yuko wapi?"

Mama akaelekeza kwa mdomo. Kwenye pembe ya ukuta wa bwalo palikuwa na mwamvuli mweusi umefunguliwa na kulazwa ubavu. Chini yake ilionekana miguu miwili ndani ya mabuti yenye tope.

"Kajificha tena!"

"Kajificha, ndiyo. Huyu Eliya kakulia humo, akadhani kila mtu anajua. Sasa sikiliza. Kwetu Wanyakyusa, sisi wa zamani hasa, baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani usoni. Hawapeani mkono, na wakikutana njiani mmoja anaingia porini. Ndiyo heshima yenyewe. Msichana wa kupita tu, mzee anamsalimia vizuri, anamuuliza na habari za kwao. Hata rafiki yako akija leo atapewa mkono."

"Kwa hiyo mimi..."

"Wewe alikukimbia! Ng'ombe wa mahari hata mmoja hajatoka zizini, yeye keshakukimbia! Mimi nilicheka kwa furaha, mwanangu. Nilijua nimepata binti."

Eufrasia akaziba mdomo kwa viganja. Nyuma ya mwamvuli mtu akakohoa.

"Mama Eliya, mwambie huyo mtoto," sauti nzito ikasema, ingawa huyo mtoto alikuwa anasikia kila neno, "mwambie sikumkataa. Niliona amepiga magoti kwenye vumbi, moyo ukaniambia ndiye huyu. Basi nikakimbia."

"Anasema hakukukataa," mama akatangaza kwa uzito wote wa mkalimani.

"Mwambie kahawa yake niliiokota punje kwa punje. Hivi sasa naitafuna. Chungu kidogo, lakini nzuri."

"Anasema ni nzuri."

"Mwambie abaki. Kama kwao wataona mila yetu ngumu, nitakwenda Bukoba kuwaeleza kwa mdomo wangu."

Tone la kwanza la mvua likamwangukia Eufrasia shavuni. Akatazama juu, akashtuka.

"Mama! Kakao je? Si aliianika?"

"Kaiacha pale pale kwenye mikeka. Nikamwambia mvua inakuja, akasema mikakao itazaa tena."

Hapo binti akaangua kilio. Miaka yake ya Kyela ilitosha kumfundisha kwamba kakao ikinyeshewa huota ukungu, na jasho la mtu limepotea. Mzee ambaye yeye alidhani hamtaki alikuwa ameiacha inyeshewe ili yeye asipande basi. Hakuna aliyewahi kumfanyia jambo kama hilo, na alijiona mwenye bahati kuliko wote pale ufukweni.

"Mama, mwambieni baba nimekosa," akasema kwa kwikwi. "Nilimkimbiza mtu mzima ndani ya shamba lake mwenyewe."

Mwamvuli ukatikisika kwa kicheko.

Eliya akasogea. "Nisamehe, Eufra. Nilipiga mluzi kwa sababu nilijua baba amekukubali. Haikunijia kabisa kwamba wewe hujui."

"Siku nyingine ukifurahi, niambie unafurahia nini."

"Nitakuambia. Na basi la kesho?"

"Liende. Lina abiria wake."

Alipofika bwenini akawasha simu na kuandika: "Mjomba, asante sana kwa nafasi. Nimepata kwangu huku. Mwambie mama atume kahawa nyingine."

Kabla mwaka haujaisha ng'ombe walikuwa wametoka zizini. Sherehe ilifanyika kwenye uwanja wa chuo, mbele ya ziwa, wali wa Kyela unanukia mpaka mabwenini. Eufrasia akapewa kipaza sauti.

"Namshukuru Mungu. Nawashukuru wazazi wangu kwa kuvuka nchi nzima. Nakishukuru na chuo hiki. Nilikiita mwisho wa nchi, kumbe nchi yangu inaanzia hapa."

Kisha akachukua kifurushi cha jani la mgomba, akamkabidhi mama mkwe.

"Mama, mpelekeeni baba. Mwambieni, ndaga fijo, asante sana, kwa kunikimbia."

Wageni wakashangilia. Pembeni kabisa, siku hiyo isiyo na wingu hata moja, mwamvuli mweusi ulikuwa umefunguliwa. Mkono ukatoka nyuma yake na kukipokea kifurushi.

"Mwambie," sauti nzito ikasema, "nitaendelea kumkimbia mpaka nife."